Mkaa Usiofutika

Chora mtu kwa kipande cha mkaa kwenye karatasi nene, kisha umfute kwa raba. Hataondoka wote. Pale alipokuwa amesimama litabaki baka la kijivu. Wachoraji wengi huliona baka hilo ni uchafu. William Kentridge wa Johannesburg amelijengea kazi ya maisha yake.

Anatumia uhuishaji wa picha moja moja: unapiga picha, unabadilisha kitu kidogo, unapiga tena, mpaka picha zikifuatana kwa kasi jicho lione mwendo. Katuni za kawaida zinazochorwa kwa mkono hudai maelfu ya michoro, maana sekunde moja ya filamu hupitisha fremu 24. Kentridge hubandika karatasi moja ukutani kwa kila tukio na kuiweka kamera upande wa pili wa chumba. Huchora, akaiendea kamera, akapiga fremu moja au mbili, akarudi kufuta na kuchora upya. Ndiyo maana Felix in Exile, filamu ya karibu dakika tisa, ilitokana na michoro 40 tu.

Aliitengeneza kati ya Septemba 1993 na Februari 1994, Afrika Kusini ikingojea uchaguzi wake wa kwanza wa watu wa rangi zote. Ndani yake Nandi, mwanamke Mwafrika mpima ardhi, anaitazama miili ya waliouawa nje ya mji. Magazeti yanaifunika, kisha ardhi inaimeza. Ila mkaa haumezeki: kila mwili unaacha kivuli chake udongoni, na macho yetu yanaendelea kukiona hata tukio linapopita. Sijaona kazi nyingine ambayo mbinu na kilio chake vimeshikana namna hii.

Majaribio ya uhuishaji wa picha moja moja hayakuanza kwake. Jan Švankmajer wa Prague alishafanya vichwa vilane na kutapikana katika filamu yake Dimensions of Dialogue ya 1982. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya sinema. Katika miaka ya 1990 uhuishaji ulihamia kwenye kumbi za sanaa, ambako filamu huoneshwa chumba kimoja na vitu vilivyoizaa. Mwaka 2009 Nathalie Djurberg wa Sweden alijaza chumba cha maonesho ya sanaa ya Biennale ya Venice kwa maua makubwa ya kutisha, katikati ya filamu zake za vikaragosi vya udongo, akapata tuzo ya Simba wa Fedha.

Kwa Kentridge, naona ni hasara ukumbi unapoonesha filamu peke yake. Mchoro unaotundikwa ni hatua ya mwisho ya tukio lake. Hatua zote zilizotangulia zimelala chini yake. Ukiusogelea utaona mahali karatasi iliposuguliwa mara nyingi, na mkono ulioinuliwa ukiwa na mikono mingine hafifu nyuma yake.