Ombi la Kwanza Limejificha Wapi?

Msomaji anapobofya habari za michezo, kivinjari chake hutuma ombi moja la ukurasa kwa seva. Lakini ukurasa unaorudi umeunganishwa kwa vipande: menyu juu, habari mpya pembeni, maoni chini. Katika Symfony, mfumo wa kutengenezea tovuti ulioanzishwa Ufaransa na Fabien Potencier mwaka 2005, kipande kinaweza kuandaliwa kwa ombi dogo linalozaliwa ndani ya seva yenyewe.

Hapo ndipo mambo huvurugika. Menyu inataka kukoleza neno “Michezo”, ila ikiuliza habari za ombi lililopo, inajibiwa habari za kipande chake yenyewe. Neno halikolezwi, wala hakuna onyo la kosa. Mtengenezaji programu asiyelijua hilo huhangaika sana.

Toleo la 2.4, la mwaka 2013, lilileta RequestStack: maombi hupangwa kama sahani, la kwanza chini kabisa, jipya juu. Amri ya getCurrentRequest huchukua la juu. Amri ya getMainRequest, iliyokuwa ikiitwa getMasterRequest kabla ya toleo la 5.3 la mwaka 2021, hulifikia la chini.

Amri hii ya pili itumiwe kwa uangalifu. Kipande kikihifadhiwa kwenye kache, yaani hifadhi ya muda, kwa njia ya ESI (Edge Side Includes), huombwa peke yake kutoka nje, kwa hiyo ombi la chini huwa lake lenyewe na ukurasa wa michezo haujulikani tena. Ni salama zaidi ukurasa mama ukikikabidhi kipande taarifa waziwazi: msomaji yuko kwenye michezo, koleza neno hilo.