Juma, Mwaka na Fomula: Uandishi wa Tarehe katika Takwimu za Magonjwa za Arua na Koboko

Makala haya yanafafanua namna tarehe inavyogeuzwa kuwa mwaka na namba ya wiki katika takwimu za ufuatiliaji wa magonjwa. Nchini Uganda, vituo vya afya hujumlisha wagonjwa kwa wiki inayoanza Jumatatu na kuishia Jumapili, na jumla hizo huhifadhiwa katika mfumo wa DHIS2. Arua na Koboko ziko jirani na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Koboko hupakana pia na Sudani Kusini. Huko wiki ndiyo kipimo cha kutambua mlipuko mapema.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kina kanuni moja: wiki ni ya mwaka ule ambamo Alhamisi yake imeangukia. Hivyo Ijumaa, tarehe 1 Januari 2021, ni ya wiki ya 53 ya mwaka 2020. Karani wa takwimu akiunganisha mwaka wa kalenda na namba ya wiki ya ISO, atapata 2021-W53, wiki isiyokuwepo, kwani mwaka 2021 ulikuwa na wiki 52. Mgonjwa wa surua aliyepokelewa Koboko siku hiyo ataonekana kwenye grafu mwishoni mwa 2021, mwaka mzima baada ya tukio. Fomula salama huitafuta Alhamisi kwanza:

=YEAR(A2-WEEKDAY(A2,2)+4)&"-W"&TEXT(ISOWEEKNUM(A2),"00")

DHIS2 huandika 2021W2 bila sifuri. Maandishi hayo yakipangwa katika lahajedwali, 2021W10 hutangulia 2021W2. Fomula hii huongeza sifuri ili mfuatano ubaki sahihi.

Lugha nayo ina hesabu yake. Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, kwa majina yenyewe, ni siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kiswahili huanza juma katika siku ambayo kwa ISO ni ya sita. Kwa hiyo agizo la kuripoti "siku ya kwanza ya wiki" lina tafsiri zaidi ya moja, hasa katika mazingira ya mpakani ambako Kiswahili hutumika pamoja na Kilugbara na Kikakwa.

Inapendekezwa kwamba miongozo itaje siku kwa jina, na kila ripoti ioneshe tarehe ya Jumatatu inayoanzisha wiki kando ya namba yake. Namba ikikosewa, tarehe itaisahihisha.