Picha ya Jeraha: Lini Ipigwe, na Nani Aione?

Jijini Arusha, chini ya Mlima Meru, ndipo ilipokuwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda hadi ilipofungwa mwaka 2015. Tarehe 2 Septemba 1998, katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu, mahakama hiyo ilitamka kwa mara ya kwanza katika historia ya mahakama za kimataifa kwamba ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Wanawake waliotoa ushahidi walitajwa kwa herufi tu, si kwa majina. Aidha, kanuni ya 96 ya mahakama hiyo haikudai kwamba maneno yao yathibitishwe kwa ushahidi mwingine.

Mambo hayo mawili, yaani neno la aliyebakwa kusikilizwa na sitara yake kulindwa, yatatuongoza katika kujibu swali la makala haya: je, daktari anayemchunguza mtu aliyebakwa ampige picha?

Kazi ya picha

Jeraha hupona kabla ya kesi kusikilizwa, lakini picha hubaki. Hata hivyo, picha ni kipimo, na kipimo kina masharti yake. Kwanza hupigwa picha ya mbali ili kuonyesha mahali pa jeraha, kisha ya karibu, rula ikiwa kando yake. Lenzi haina budi kuelekea ngozi moja kwa moja. Ikiinama, duara huonekana kama yai na urefu hupotoka. Mwanga nao una udanganyifu wake: juu ya ngozi nyeusi, alama ya damu iliyovilia yaweza isionekane kabisa.

Mipaka yake

Watu wengi waliobakwa hawana jeraha lolote la kuonekana. Kwa hiyo, picha isiyo na jeraha haithibitishi kwamba kosa halikutendeka. Wala rangi ya alama haitoshi kutuambia kwa hakika ilipatikana siku gani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 unaeleza kwamba picha ni nyongeza ya maelezo ya daktari, si badala yake. Mahakama ya Rufani ya Tanzania nayo imeshikilia kwamba ushahidi bora wa ubakaji hutoka kwa aliyetendewa. Mara nyingi, basi, maelezo makini na mchoro wa mwili uliotiwa alama hutosha, na mchoro hauna sura ya mtu.

Idhini na siri

Kukubali kutibiwa si kukubali kupigwa picha. Idhini ya picha huombwa peke yake, baada ya mgonjwa kuelezwa kwamba polisi, mawakili wa pande zote na hakimu huenda wakaiona. Akikataa, matibabu yake yasipungue hata kidogo. Mtoto naye aulizwe, hata kama mzazi amekwisha kukubali.

Hatari kubwa ya leo ni simu ya mkononi. Picha iliyobaki katika simu ya mganga yaweza kutoka Ngaramtoni ikafika Usa River kabla mgonjwa hajarudi nyumbani. Huko Naivasha, Kenya, tangu mwaka 2018 waganga wametumia MediCapt, programu ya shirika la Physicians for Human Rights, ambayo huzifunga picha kwa maandishi ya fumbo na kuzituma katika hifadhi yenye ulinzi. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti.

Jaribio la darasani

Mwalimu, chora duara la sentimita 5 karatasini. Wanafunzi walipige picha kutoka juu, kisha kutoka upande, na kulinganisha vipimo vya picha hizo. Baadaye waulize: kama karatasi hii ingekuwa ngozi ya mtu, ni nani angestahili kuitunza picha hii, kwa muda gani, na kwa ruhusa ya nani? Swali la kwanza ni la fizikia. La pili ni la utu, na daktari hana budi kuyajibu yote mawili kabla ya kuishika kamera.