Chura-miti maridadi

Chura-miti maridadi (jina la kisayansi: Churamiti maridadi) ni spishi ya chura wa familia Bufonidae anayeishi katika misitu ya Milima ya Ukaguru, mkoa wa Morogoro, Tanzania. Hajulikani kutoka mahali pengine popote duniani, na ndiye spishi pekee ya jenasi Churamiti.

Ugunduzi na jina

Chura huyu alipatikana katika hifadhi ya msitu ya Mamiwa-Kisara Kaskazini. Alielezwa kisayansi mwaka 2002 na Alan Channing wa Afrika Kusini na William Stanley wa Marekani. Jina la jenasi limeundwa kwa maneno ya Kiswahili "chura" na "miti". "Maridadi" linasifu uzuri wake.

Kumkamata mnyama asiyejulikana hakutoshi kumfanya awe spishi mpya. Wataalamu hupima mwili wake, huchunguza ngozi, vidole na mifupa, kisha humlinganisha na spishi zilizokwisha kuelezwa. Kielelezo kimoja huteuliwa kuliwakilisha jina na kuhifadhiwa katika makumbusho, ili yeyote mwenye shaka aweze kukiangalia. Jina huwa rasmi baada ya maelezo kuchapishwa. Chura wengi wa Bufonidae huishi ardhini, lakini huyu hupanda miti. Kwa kuwa hakulingana na jenasi yoyote iliyojulikana, aliundiwa jenasi yake.

Mazingira na hatari

Milima ya Ukaguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Misitu yake ya juu hupata unyevu kutoka Bahari Hindi, nayo imetengana na misitu ya milima mingine kwa nyanda kavu ambazo chura wa msituni hawezi kuzivuka. Ndiyo sababu kila safu ina spishi zake za pekee.

Chura-miti maridadi ameonekana mara chache tu. Yumo katika orodha ya IUCN ya spishi zilizo hatarini sana kutoweka, kwa sababu msitu wake hupungua kwa kilimo na ukataji wa miti. Msitu huo ukiisha, hana kwingine pa kwenda.

Mwaka 2019 watafiti waliokwenda Ukaguru kumtafuta walikuta chura mwingine asiyejulikana, ambaye dume wake hana sauti ya kuita jike. Alielezwa mwaka 2023 kwa jina Hyperolius ukaguruensis.