KURA YA MAKOMREDI

Ukipanda matatu ya Busia kutoka hapa Kisumu, baada ya kilomita 25 hivi utafika Maseno, pale ikweta inapopita. Humo chuoni wanafunzi huitana "makomredi", na chama chao ni SOMU. Wengi wetu tukisikia chama cha wanafunzi, tunawaza mawe na mabomu ya machozi tu. Lakini kuna watu waliolipa ghali ili chama cha namna hiyo kiwepo.

Hebu twende Nairobi kwanza, maana Maseno yenyewe ni changa. Ilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi, ikawa chuo kikuu kamili mwaka wa 2001. Kule Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, umoja wa wanafunzi uliongozwa na James Orengo wa Ugenya, yule yule aliyechaguliwa gavana wa Siaya mwaka wa 2022. Kufikia 1982 chama kilikuwa SONU, na mwenyekiti wake Titus Adungosi. Tarehe 1 Agosti mwaka huo wanajeshi wa anga wakajaribu kuipindua serikali. Chuo kikafungwa. Adungosi akahukumiwa miaka 10 kwa kosa la uchochezi, naye akafia gerezani mwaka wa 1988. Kijana wa chuo, jamani!

SONU ilipofufuka mwaka wa 1987, makomredi walimchagua Wafula Buke. Hakukaa kitini. Alikamatwa, akafungwa miaka 5 kwa madai ya kuipelelezea Libya, na chama kikapigwa marufuku tena.

Baada ya vyama vingi kurudi nchini, SONU nayo ilirudi, na kampeni zake zikawa kama za ubunge: mabango, nyimbo, pesa. Babu Owino, kijana aliyekulia papa hapa Kisumu, alikiongoza chama hicho kwa zaidi ya muhula mmoja, kisha mwaka wa 2017 akaenda Bungeni.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Sheria ya vyuo vikuu ilibadilishwa mwaka wa 2016. Badala ya kila mwanafunzi kumpigia mwenyekiti kura, kila idara au kitivo kilitakiwa kuchagua wajumbe 3, na hao ndio wachague viongozi. Mwenyekiti na naibu wake wasiwe wa jinsia moja, muhula uwe mwaka 1, na mtu asizidishe mihula 2. Hayo ya jinsia na mihula ni mazuri, sina neno. Ila hii ya wajumbe inanikera. Piga hesabu: chuo chenye vitivo 10 kina wajumbe 30. Mgombea anahitaji watu 16 tu, hata kama chuo kina wanafunzi 10,000. Watu 16 unaweza kuwanunulia chipsi na soda jioni moja! Wanaoutetea mfumo huu husema umepunguza fujo na gharama. Huenda, lakini kelele zikipungua, na sauti je?

Naandika haya kwa sababu chama chetu cha Kiswahili nacho kimeletewa pendekezo kwamba mwaka ujao kila darasa litoe wajumbe 2 wa kumchagua mwenyekiti, badala ya sote kuinua mikono. Mimi nitalipinga. Kidato cha kwanza, ninyi ndio wengi zaidi chamani, basi msikose kikao cha Ijumaa.