Wakulima na Umeme Wao

Mwaka 1935 miji ya Marekani iling'aa usiku. Taa ziliwaka njiani, madukani na majumbani. Lakini huko mashambani, katika kila nyumba kumi, tisa hivi hazikuwa na umeme. Jua likiisha kushuka, mkulima aliwasha taa ya petroli, na watoto wake walisoma karibu na moshi wake. Mara nyingine nyuzi nene za umeme zilipita juu ya shamba lake mwenyewe, zikielekea mjini. Mchana aliziona; usiku alikaa gizani chini yake.

Watoto wa Kongo hawatashangaa. Mwaka 1982 ilimalizika njia ya nyuzi itokayo Inga, kwenye mto Kongo, mpaka Kolwezi katika Katanga. Urefu wake ni karibu kilometa 1,700. Inapeleka nguvu kwenye migodi ya shaba, na vijiji vingi chini yake havina hata taa moja.

Kwa nini mambo yalikuwa hivyo Marekani? Kampuni za umeme zilifanya hesabu. Mjini, kilometa moja ya nyuzi inafika kwenye nyumba nyingi sana. Shambani, kilometa ile ile ilifika kwenye nyumba mbili au tatu tu. Nguzo ni zile zile, nyuzi ni zile zile, lakini wanunuzi ni wachache. Basi kampuni zilikataa, ama zilimwambia mkulima alipe gharama ya nguzo kwa fedha yake. Nani aliweza?

Taabu kubwa ilikuwa ya wanawake. Katika vilima vya Texas mama alivuta maji kisimani kwa ndoo, akayabeba mpaka nyumbani, akayachemsha kwa kuni, akafua. Kesho yake alipiga pasi, na siku hiyo ilichukiwa kuliko zote. Pasi ilikuwa kipande cha chuma cha kilo tatu hivi, wala haikuwa na makala ndani. Ilipashwa moto juu ya jiko la kuni, ikapoa upesi, ikarudishwa jikoni. Kwa hiyo jiko liliwaka mchana kutwa, hata wakati wa joto kali, na mama alisimama kando yake mpaka nguo za watu wote zimekwisha.

Tarehe 11 Mei 1935 Rais Franklin Roosevelt alianzisha ofisi ya kupeleka umeme mashambani. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, moja ya nguzo za kwanza ilisimamishwa karibu na mji wa Piqua, katika jimbo la Ohio. Mwaka 1936 ikatolewa sheria: serikali itakopesha fedha kwa kazi hiyo, nazo zirudishwe katika muda wa miaka 25. Haikuwa zawadi. Kampuni nyingi hazikuitaka mikopo ile. Ndipo wakulima wenyewe wakaungana katika vyama vya ushirika, yaani koperative. Mahali pengi kila mwanachama alitoa dolari 5.

Je, dolari 5 ni kitu kidogo? Siku zile bei ya mazao ilikuwa imeanguka, na wakulima wengi walikuwa na madeni. Wengine waliogopa kutia sahihi: chama kikianguka, je, shamba halitachukuliwa? Wengine walidhani kwamba nyuzi zitaita radi nyumbani mwao. Basi jirani alikwenda kwa jirani, akaeleza, akakataliwa, akarudi tena. Hakuweza kuacha, maana chama kilihitaji watu wengi kando ya njia moja. Nyumba chache zikikataa, hesabu iliharibika kwa wote. Waliokubali walitoa nafasi ya nguzo mashambani mwao, na wengi walichimba mashimo kwa mikono yao. Mwaka 1953, zaidi ya tisa katika kila nyumba kumi za mashambani zilikuwa na umeme.

Vyama hivyo vipo hata leo, karibu 900. Katika kampuni, faida huwaendea wenye kampuni, na mara nyingi hao wanakaa mbali. Katika koperative, mnunuzi ndiye mwenye mali. Tajiri wa shamba kubwa ana sauti moja katika uchaguzi, na mjane mwenye taa mbili ana sauti moja. Mwishoni mwa mwaka fedha iliyobaki huandikwa kwa jina la kila mwanachama, kwa kadiri ya umeme alionunua. Hutumika kwanza kwa nguzo na mashini, kisha hurudishwa baada ya miaka.

Vyama vingi hutuma gazeti dogo kwa wanachama. Ndani yake mna siku ya mkutano, majina ya wanaotaka kuchaguliwa, habari za miti itakayokatwa ili isiangukie nyuzi, hata mapishi. Mwaka 1989 chama kimoja cha South Carolina kilileta shauri jema. Kama mtu anadaiwa dolari 41 na senti 60, alipe 42 kamili, na zile senti 40 ziwasaidie wenye shida. Vyama vingine vingi viliiga.

Lakini jambo ambalo magazeti hayo hayachoki kulisema ni hesabu ya umeme nyumbani. Kila chombo kina namba yake ya wati. Zidisha wati kwa saa, kisha gawanya kwa 1,000; hicho ndicho kipimo kinacholipiwa. Taa ya zamani ya wati 100 ikiwaka saa 10, imekula kipimo kimoja. Pasi ya wati 1,000 inakula kile kile kwa saa moja tu. Na chombo cha kupashia maji ya kuoga, chenye wati 4,500, hukila kwa dakika 13 au 14! Watu hugombeza watoto kwa sababu ya taa, kumbe mlaji mkubwa ni joto. Hata taa ya zamani ilikuwa jiko zaidi kuliko taa: sehemu kubwa ya umeme wake iligeuka joto, na aliyeigusa aliungua. Taa za siku hizi, za wati 9 au 10, hutoa mwangaza sawa na ile ya wati 60.

Tena kuna saa ya kutumia. Umeme si mahindi ya kuwekwa ghalani. Ingawa siku hizi kuna betri kubwa, sehemu kubwa hutumika pale pale inapotengenezwa. Asubuhi ya baridi kali wote huwasha vyombo pamoja. Vyama vingi hununua umeme kutoka mitambo mikubwa, na saa kama hiyo mara nyingi huwagharimu zaidi. Kwa hiyo vyama vingine vimeweka kifaa cha kuzima chombo cha maji ya moto kwa saa chache, kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Pipa lake limefunikwa vizuri, maji hayapoi, wala anayeoga hajui kitu. Faida si yake peke yake: deni la chama kizima hupungua.

Mambo yote si mazuri. Katika vyama vingi wanachama wachache tu huja kwenye mkutano wa mwaka, na watu wale wale huchaguliwa miaka na miaka. Babu zao walikwenda mlango kwa mlango wakiomba dolari 5; wao wanahitaji kuvutwa. Kwa hiyo vyama vingine hupika chakula siku ya mkutano, na kupiga kura ya bahati ili mtu mmoja arudi nyumbani na frigo.