Hofu ya Mtihani wa Kidato cha Sita na Afya ya Mwanafunzi

Nchini Tanzania, mtihani wa kidato cha sita ndio mlango mkuu wa kuingilia chuo kikuu. Anayetaka kusomea udaktari hupimwa kwa ufaulu wake katika Fizikia, Kemia na Biolojia. Masomo ya miaka 2 huamuliwa kwa majuma machache. Si ajabu wengi kuhisi wameonewa.

Hofu hiyo huchochea tezi kumwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hudunda kwa kasi, tumbo husokota, kichwa huuma na usingizi hupotea. Mwanafunzi hufika zahanati akidhani ana malaria au vidonda vya tumbo. Vipimo visipoonesha ugonjwa, mhudumu asiishie kumpa dawa za maumivu. Amuulize kuhusu masomo, usingizi na matarajio ya wazazi.

Kukesha hakusaidii, kwa kuwa ubongo huimarisha kumbukumbu wakati wa usingizi. Kijana huhitaji angalau saa 8. Kahawa nyingi huzidisha mapigo ya moyo na wasiwasi.

Mwanafunzi asemaye haoni sababu ya kuishi asikemewe wala asiachwe peke yake. Apelekwe siku hiyohiyo kwenye huduma za afya ya akili.